Samadi na Chumvichumvi Zishirikiane

Kila lori la kabichi literemkalo kutoka milima ya Usambara kwenda Dar es Salaam huchukua pia sehemu ya rutuba ya udongo wa Lushoto. Mfanyakazi wa mjini hupata mboga. Shamba hubaki likidai. Ndugu mkulima, deni hilo litalipwaje?

Wako wasemao kwamba samadi peke yake yatosha. Wako pia waonao kwamba mfuko wa mbolea ya chumvichumvi ndio dawa ya kila kitu. Mmoja ameshika mpini, mwingine ameshika jembe, hakuna alimaye. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, nayo huuamsha mmea upesi. Lakini urea haitii mboji ardhini, na ikitumiwa peke yake mwaka hata mwaka huuzidishia udongo asidi. Samadi hulisha polepole, lakini huuwezesha udongo kushika maji, na kuihifadhi mbolea ya dukani isichukuliwe yote na mvua.

Jambo kubwa ni zamu ya mazao. Samadi iliyooza vyema itiwe kabla ya kabichi, kwa kuwa kabichi ni mlaji mkubwa. Miche ikisha kushika, iongezewe urea kidogo katika udongo wenye unyevu, nayo ifukiwe isije ikapotea hewani. Msimu ufuatao zipandwe karoti, zile masalio ya samadi ile. Samadi mbichi huzifanya zigawanyike mizizi. Kisha yaje maharage, ambayo vifundo vya mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewani bila malipo, na mabua yake yarudishwe udongoni. Kabichi ikirejea, wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiingoja yatakuwa yamepungua.

Mwaka 2022 bei za mbolea zilipanda duniani, na Serikali ya Tanzania ikaanzisha ruzuku. Funzo ni wazi: ategemeaye mfuko peke yake amelifunga shamba lake kwa kamba ya soko la nje. Mwenye zizi na shimo la mboji hununua, lakini hununua kwa kiasi.

Basi tusishindane juu ya ipi bora. Shamba likopwalo kila msimu pasipo kulipwa, siku moja litakataa kukopesha. Na siku hiyo njaa haitabagua kati ya mkulima wa mlimani na mfanyakazi wa mjini.