Beila Kuukuu na Akiba ya Malisho Kilifi

Biashara ya nyasi kavu katika Kaunti ya Kilifi huamuliwa ndani ya wiki chache za mwaka, kwa kuwa mvua za masika huanza kati ya Machi na Aprili na kufikia kilele mwezi Mei, nazo nyasi zinazostawi kwa mvua hizo hufaa kukatwa zinapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajakomaa na kupoteza protini. Mashine ya kufunga marobota, ambayo wakulima na mafundi huiita beila, hukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka, kisha hutarajiwa kufanya kazi mfululizo katika kipindi hicho kifupi. Kwa sababu hiyo, thamani ya beila iliyotumika kwa miaka mingi hutokana zaidi na uhakika wake wakati wa mavuno kuliko mwaka ilipoundwa, na uhakika huo hujengwa katika miezi ambayo mashine imepumzika.

Haja ya akiba ya malisho iko wazi. Ukanda wa pwani kutoka Mtwapa hadi Malindi hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, lakini kiwango hicho hupungua kuelekea bara, na katika baadhi ya maeneo ya Ganze na Magarini, ambako familia nyingi huweka mali yao katika ng'ombe na mbuzi, hushuka chini ya milimita 600. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kame za Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Mfugaji asiye na malisho ya akiba katika hali kama hiyo huuza mnyama aliyekonda kwa bei ya kutupa, au humpoteza kabisa.

Soko la rejareja limetawaliwa na robota dogo la mstatili, lenye uzito wa takriban kilo 12 hadi 18, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kulibeba na bodaboda kulifikisha nyumbani kwa mnunuzi. Robota la mviringo lenye kipenyo na upana wa karibu mita 1.2 huweza kufikia kilo 200 hadi 300, na hivyo huhitaji trekta yenye uma wa kunyanyulia. Hata hivyo, hufungwa kwa haraka na kwa wafanyakazi wachache, jambo linalolifanya lifae zaidi ranchi, mashamba ya ng'ombe wa maziwa na wanenepeshaji wa mifugo. Aina hii ya mashine ilienea baada ya Gary Vermeer wa Iowa, Marekani, kuunda beila ya marobota makubwa ya mviringo mwaka 1971, na ukaribu wa bandari ya Mombasa humrahisishia mkulima wa Kilifi kuingiza iliyokwisha kutumika ng'ambo.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Meno ya chuma yaliyo mbele huokota nyasi zilizopangwa kwa safu na kuziingiza katika chumba ambamo rola au mikanda mipana huziviringisha hadi zishikamane, kisha kamba au wavu huzungushwa, na mlango wa nyuma hufunguliwa kwa haidroli, yaani kwa nguvu ya mafuta yaliyogandamizwa. Nguvu yote hutoka kwenye trekta kupitia shafti ya PTO, ambayo ni mhimili unaozunguka kati ya mashine hizo mbili. Sehemu zinazochakaa kwanza ni beringi zinazobeba rola, cheni na gia zake, maungio ya mikanda, meno ya kuokotea, na sili zinazozuia mafuta ya haidroli kuvuja.

Mazingira ya pwani huharakisha uchakavu huo. Hewa ya chumvi hula chuma na cheni, mchanga unaookotwa pamoja na nyasi huingia katika beringi, na mabaki ya nyasi yaliyoachwa ndani ya chumba hufyonza unyevu na kuleta kutu. Kinga yake ni kuinua meno yasikwaruze ardhi, kusafisha mashine kila jioni, kutia grisi kwa ratiba, na kuihifadhi chini ya paa mikanda ikiwa imelegezwa. Kazi ya shambani nayo hufaa kuanza saa nne au saa tano asubuhi, umande ukishakauka, kwa kuwa nyasi zenye unyevu unaozidi asilimia 20 huota kuvu na kupata joto, na robota kubwa huweza hata kujiwasha lenyewe.

Kuhusu spea, mkulima ana nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Beringi nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa na hubeba namba inayotambulika bila kujali chapa ya mashine. Cheni na sili pia zina vipimo vya kawaida, na rola iliyolika inaweza kujazwa kwa kuchomelea na kuchongwa upya katika karakana. Vifaa vya kielektroniki na sehemu za kufungia kamba ndivyo hulazimu kuagizwa kwa mtengenezaji, na hapo bei hufuata dola, ambayo ilifikia takriban shilingi 160 Januari 2024 kabla ya kushuka hadi karibu shilingi 130 baadaye mwaka huo. Mkulima anayeagiza vipuri mapema huepuka kununua kwa dharura, mavuno yakiwa yamesimama. Beila kuukuu isiyo na kompyuta ina nafuu ya ziada, kwani fundi aliye karibu anaweza kuona tatizo kwa macho yake.

Hesabu ya faida hutegemea idadi ya marobota. Kwa mfano, matengenezo na uchakavu vikigharimu shilingi 240,000 kwa mwaka, marobota 400 yatabeba shilingi 600 kila moja, ilhali marobota 1,200 yatabeba shilingi 200. Kwa hiyo ni busara mwenye beila kuwafungia majirani nyasi kwa malipo, na vyama vya ushirika vina sababu nzuri ya kumiliki mashine moja kwa pamoja, mradi mtu mmoja akabidhiwe wajibu wa kuitunza na daftari la matengenezo liwekwe.

Kamba nayo inaweza kuwa ya hapa nyumbani. Wavu wa plastiki hufunga kwa mizunguko michache na huokoa muda, lakini mabaki yake hudumu shambani na huweza kumezwa na ng'ombe. Kamba ya mkonge, zao linalolimwa Vipingo katika kaunti hiyo hiyo, huoza na kurudi udongoni. Kamba za kufungia mavuno na nyasi zilikuwa kwa miongo mingi soko kuu la mkonge wa Afrika Mashariki, kabla ya nyuzi za plastiki kulipunguza.

Usalama hauruhusu njia ya mkato. Trekta lazima izimwe na shafti isimame kabla ya mtu kugusa nyasi zilizokwama, na mlango wa nyuma ufungiwe kwa komeo lake kabla ya yeyote kuingia chini yake. Bolti ya usalama, iliyokusudiwa kukatika ili kuiokoa mashine inapozidiwa, isibadilishwe kwa bolti ngumu zaidi, kwa kuwa mzigo huo utahamia kwenye sehemu ya gharama kubwa. Aidha, beringi yenye joto kali inatosha kuwasha makapi makavu, hivyo kizima moto kiwe karibu.

Mipango ya kukabiliana na ukame inapaswa kuzihesabu mashine hizi miongoni mwa miundombinu ya mifugo. Mafunzo kwa mafundi wa Malindi, Mariakani na Kilifi mjini, pamoja na ghala dogo la beringi, cheni na mikanda linalofunguliwa kabla ya mvua za masika, yatagharimu kidogo yakilinganishwa na kununulia wafugaji malisho ya dharura kutoka mbali baada ya nyasi za nyumbani kukaukia shambani.