Simba Mwenye Njaa Hachagui Kama Simba Aliyeshiba

Wengi hufikiri kwamba simba hushambulia mnyama yeyote apitaye mbele yake. Sivyo. Katika tambarare za Rwindi, ndani ya mbuga ya Virunga, simba anaweza kulala kivulini huku swala wakila majani si mbali naye. Yeye hupima kwanza.

Hupima mambo matatu: nyama atakayopata, nguvu na muda wa kuipata, na hatari iliyopo. Mbogo mmoja hushibisha kundi zima, lakini pembe zake zinaweza kumuua simba. Ngiri ana nyama kidogo, ila ni rahisi zaidi kumwangusha. Tena simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata, na kila mbio ya bure humla nguvu.

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Eric Pianka, waliandika juu ya hesabu ya namna hiyo. Wataalamu waliofuata waliona jambo la kushangaza: kinachomfanya mwindaji akubali windo dogo si wingi wa mawindo madogo, bali ni uhaba wa yale makubwa. Nyama nzuri ikiwa tele, mdogo hupita salama. Ikikosekana, hukamatwa hata yule aliyedharauliwa jana.

Hapo tujitazame. Familia iliyokimbia vita huuza shamba kwa bei ya kutupa. Kijana asiye na kazi hukubali deni la riba kubwa. Majirani husema, "Hawana akili." Lakini wao pia wamepima, njia nzuri ndizo zilizowaishia. Tofauti ni hii: simba aliyekula ngiri leo anaweza kuwinda mbogo kesho. Shamba likiuzwa, watoto hawatalima tena pale.

Kwa hiyo kumwonya mwenye njaa hakutoshi. Anahitaji kuona njia ya pili. Kilo chache za unga, au mkopo mdogo usio na riba kutoka katika likelemba ya mtaa, humpa siku za kufikiri na kuuliza wazee. Msaada huo ufike kabla karatasi ya kuuza haijatiwa sahihi.

Na wewe ukibanwa, jiulize: ningekubali bei hii kama ningekuwa nimeshiba? Ikiwa jibu ni hapana, pita kwanza kwa ndugu kabla ya kwenda kwa mnunuzi.