Je, Wajua? Sauti za Amritsar na Wenyewe

Je, wajua kwamba mwanamuziki wa kwanza wa dini ya Singasinga alikuwa Mwislamu?

Jina lake Mardana. Alizaliwa Talwandi, mahali panapoitwa leo Nankana Sahib nchini Pakistan, katika ukoo wa Mirasi, watu wa kupiga muziki arusini na kukariri nasaba za matajiri. Waliitwa kila penye shughuli, na shughuli ikiisha wakarudishwa mahali pao, yaani chini. Guru Nanak (1469–1539), mwasisi wa dini hiyo, alipoanza safari zake ndefu za kuhubiri, alifuatana na huyu Mardana na rababu yake. Masimulizi ya Masingasinga yanasema kwamba Guru alipohisi neno linamjia, kwanza alimwambia mwenzake agonge nyuzi, kisha ndipo akaimba. Hakuhubiri kwa maneno matupu.

Ndiyo maana kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kinamshangaza kila anayekifungua akitarajia sura na aya. Kina kurasa 1,430, na sehemu kubwa yake haikupangwa kwa mada wala kwa mtunzi. Imepangwa kwa raga. Raga kwa muziki wa Kihindi ni kama maqamu kwa waimbaji wa taarabu na kasida: ina sauti zake, ina njia yake ya kupanda na ya kushuka, na mara nyingi ina saa yake. Juu ya kila utenzi imeandikwa raga ya kuuimbia. Zipo 31. Asa ni ya alfajiri, kabla ya mapambazuko. Jaijavanti, ya mwisho, aliitumia Guru mmoja tu, wa 9 kuanzia Nanak, Tegh Bahadur, aliyeuawa Delhi mwaka 1675, na tungo zake ziliingizwa kitabuni baada ya kifo chake.

Na watunzi wenyewe? Guru Arjan alipokusanya kitabu hicho mara ya kwanza, mwaka 1604, aliwatia ndani hata wasiokuwa Masingasinga: Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu, Kabir, mfumaji, Ravidas, fundi wa ngozi, Sadhna, mchinjaji. Sijui dini nyingine iliyomweka mchinjaji ndani ya kitabu chake kwa jina lake na kwa maneno yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba waimbaji wa Guru waliwahi kugoma?

Kisa hiki hupendwa sana, nami naona kina haki ya kupendwa. Satta na Balwand walikuwa wapiga rababu wa baraza la Guru Arjan. Inasimuliwa kwamba walikuwa na arusi ya kugharimia nyumbani, sadaka za siku ile zikawa haba, wakasusa. Wakasema bila sauti zao hakuna atakayekuja. Guru akachukua saranda, ala ya uta, akaimba mwenyewe, na kuanzia hapo akawahimiza waumini wa kawaida wajifunze kuimba wasiwategemee wenye ujuzi wa kurithi. Baadaye wale wawili walitubu. La ajabu ni kwamba utenzi wao wa kuwasifu Maguru umo ndani ya Guru Granth Sahib mpaka leo, katika raga ya Ramkali. Waligoma, wakasamehewa, wakawekwa kitabuni.

Wazao wa fani hiyo, Waislamu walioitwa marababi, waliendelea kuimba kwenye Harmandir Sahib, hekalu la dhahabu la Amritsar, hadi miaka ya 1940. Mwaka 1947 Punjab ikakatwa vipande viwili, kimoja India na kingine Pakistan, wao wakajikuta wakimbizi Lahore, katika nchi ambayo karibu Masingasinga wote walikuwa wameihama. Ufundi wa karne nne ukakosa wasikilizaji kwa msimu mmoja. Waliotamani kurudi kuimba walikuta mlango umefungwa kwa upande mwingine pia, kwa sababu kanuni za maadili ya Masingasinga zinasema anayeimba kirtani, yaani nyimbo za ibada, mbele ya mkutano wa waumini lazima awe Singasinga. Mardana angefika leo na rababu yake, angekaribishwa chakula na kuombwa akae asikilize.

Lakini fani haina mpaka mkali kama wa nchi. Bhai Nirmal Singh Khalsa, mmoja wa waimbaji mashuhuri wa hekalu hilo katika zama zetu, ustadhi aliyemhusudu alikuwa Ghulam Ali, bingwa wa ghazali, Mwislamu wa Pakistan. Nirmal Singh alizaliwa mwaka 1952 katika kijiji cha wilaya ya Ferozepur, karibu na mpaka huohuo. Familia yake ilikuwa ya Wadalit, tabaka ambalo jamii ya Kihindi kwa karne nyingi iliwakataza watu wake hata kuchota maji kisima kimoja na wengine. Dini ya Singasinga inakataa matabaka katakata, kwenye mafundisho. Vijijini mambo huenda kwa mwendo mwingine.

Alisomea muziki wa dini katika chuo cha wamishonari cha Masingasinga huko Amritsar, akafundisha kidogo, na mwaka 1979 akawa hazuri ragi, yaani mwimbaji rasmi wa hekalu. Kazi hiyo si ya kuimba unapojisikia. Kikundi huwa na watu watatu, wawili wakiimba na kupiga harmoniamu, mmoja akipiga tabla, na hekaluni vikundi hupokezana zamu tangu usiku wa manane hadi usiku unaofuata. Zamu ya alfajiri inataka utenzi wa Asa di Var, ubeti kwa ubeti, sauti ikiwa bado nzito kwa usingizi. Wengi hujifunza raga chache zinazopendwa na watu, wakaishi nazo. Nirmal Singh alizijua zote 31. Sauti yake ilikuwa ya juu na laini, na hakuiona aibu kuipamba kwa mikunjo ya ghazali. Mwaka 2009 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri, ragi wa kwanza wa Harmandir Sahib kuipata.

Alifariki tarehe 2 Aprili 2020 hospitalini Amritsar, kwa Uviko-19, katika siku za mwanzo za janga. Jeneza la mtu ambaye sauti yake iliamsha nyumba nyingi za Punjab kwa miaka mingi lilipopelekwa Verka, kando ya mji, wakazi walifunga mahali pa kuchomea maiti. Walisema wanaogopa maambukizi. Wengine wakauliza, na bado wanauliza, kama angekuwa wa tabaka la juu geti lile lingefungwa. Aliteketezwa jioni kwenye kipande cha ardhi ya kijiji, nje ya makazi, watu wachache wakiwa wamevaa nguo za kujikinga.

Turudi kwenye ala. Harmoniamu, ile ya kupulizwa kwa mkono mmoja na kubonyezwa kwa mwingine, si ala ya Maguru hata kidogo. Ilitoka Ulaya katika karne ya 19. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, kwa hoja kwamba sauti zake zimekaa kwenye vituo na haziwezi kuteleza kutoka noti hadi noti kama nyuzi zinavyoteleza. Masikio ya Mombasa yanaifahamu ala hiyohiyo, kwa sababu taarabu ya mahadhi ya Kihindi, ile ya kina Juma Bhalo, imejengwa juu ya harmoniamu na tabla. Mwaka 2022 kiongozi wa Akal Takht, mamlaka ya juu ya Masingasinga, aliagiza iondolewe hekaluni hatua kwa hatua, ala za nyuzi zirudi. Wenye rababu na dilruba walishangilia. Maragi waliozoea harmoniamu tangu utotoni hawakushangilia sana.

Na wanawake je? Katika gurdwara nyingi duniani, yaani nyumba za ibada za Masingasinga, wanaimba, na wapo mahodari. Ndani ya Harmandir Sahib kwenyewe, hapana. Novemba 2019 Bunge la Punjab lilipitisha azimio la kuwaombea ruhusa. Wanaume ndio wanaoendelea kuimba humo.

Kirtani ya Amritsar hurushwa moja kwa moja kila siku. Kule ikifika saa kumi alfajiri, Nairobi bado ni saa saba na nusu usiku, kwa hiyo anayetaka kusikia Asa di Var kutoka huku akubali kukesha. Asiyetaka kukesha apite Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Gurdwara ya hapo ilijengwa 1926, chanzo chake kikiwa Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure. Anachotakiwa ni kuvua viatu na kufunika kichwa.