Uharamia wa michezo ya kompyuta: Hasara yapimwaje?

KAMPUNI ndogo ya Greenheart Games, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, ilijaribu mwaka 2013 kupima ukubwa wa uharamia wa michezo ya kompyuta.

Ilipoanza kuuza mchezo wake wa kwanza, Game Dev Tycoon, kwa dola 8 za Marekani, yenyewe ilisambaza kwenye intaneti nakala ya bure iliyofanana na zile za wizi. Siku moja baadaye, watu 214 walikuwa na nakala halali. 3,104, yaani asilimia 93.6, walikuwa na ile ya bure.

Katika nakala hiyo, mchezaji huendesha kampuni ya kubuni michezo na hatimaye hufilisika, kwa kuwa wateja wanaiba kazi zake. Baadhi, bila haya, walilalamikia wizi huo.

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba kampuni ilipoteza dola 24,832, kwani wengi huenda wasingenunua kamwe. Utafiti ulioagizwa na Tume ya Ulaya, uliofichuliwa mwaka 2017, haukupata ushahidi madhubuti kwamba uharamia hupunguza mauzo ya michezo.

Lakini kama robo tu wangelipa, zingeingia dola 6,208, fedha zisizo kidogo kwa kampuni changa.