Mkopo wa Kikundi: Ni "to" au ni "from"?

Barua nyingi za kuomba msaada bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Si lazima iwe hivyo kila mahali. Katiba ya 2010 yasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi za Kenya zote mbili. Lakini mfadhili wa ng'ambo hajui Kiswahili, na fomu zake ni za Kiingereza. Hapo ndipo katibu wetu hukwama, na mara nyingi hakwamishwi na maneno makubwa. Hukwamishwa na vijineno kama "of", "to", "for", "in", "on" na "from". Walimu huviita vihusishi.

Shida yenyewe yatokana na lugha yetu. Sisi tuna "wa", "ya", "la", "cha", na hizo hufanya kazi nyingi sana. Twasema ufunguo wa stoo, ombi la maji, uharibifu wa paa. Basi katibu akishajua kwamba "ya" ni "of", anaitia "of" kila mahali. Kumbe kwa Kiingereza kila jina lina kihusishi lilichokizoea. Ufunguo wa stoo ni "key to the store". Ombi la maji ni "request for water". Uharibifu wa paa ni "damage to the roof". Sababu ya kuchelewa ni "reason for the delay", lakini chanzo cha kuchelewa ni "cause of the delay". Ukiuliza kwa nini, mara nyingi jibu ni kwamba ndivyo wenyewe wasemavyo.

Makosa mengine hayana neno. Ukiandika "key of the store", msomaji ataelewa na kuendelea mbele. Lakini mengine yanagusa pesa.

Chukueni mkopo wa kikundi. "A loan to the group" maana yake kikundi kimekopeshwa, na sasa kinadaiwa. "A loan from the group" maana yake kikundi ndicho kilichotoa pesa, na kuna mtu anayedaiwa na kikundi. Tia moja mahali pa nyingine katika ripoti ya mwaka, na mdai amegeuka mdaiwa. Vivyo hivyo "payment to the treasurer" ni pesa alizopewa mwekahazina, na "payment by the treasurer" ni pesa alizozilipa yeye. Mkaguzi wa hesabu akikuta "to" palipotakiwa "by", mwekahazina mwaminifu atakuwa na mengi ya kujieleza. Na riba ya mkopo ni "interest on the loan". Ukiandika "interest in the loan", umesema tu kwamba mkopo huo unawapendeza!

Sasa hebu tuangalie hesabu ya watu. Kikundi cha kina mama kilikuwa na wanachama 25, leo wako 40. Hilo ni "an increase of 15", kwa sababu hao ndio waliozidi. Pia ni "an increase to 40", kwa sababu hapo ndipo walipofika. Na kwa kuwa kilichoongezeka ni uanachama, twaandika "an increase in membership". Katibu akiandika "an increase of 40", amemwambia mfadhili kwamba kina mama ni 65. Siku mgeni huyo akija kuwatembelea, atahesabu viti.

Kuna jambo lingine linalowatatiza hata waliomaliza kidato cha nne. Maneno kama "request", "need" na "lack" yaweza kuwa kitendo na yaweza kuwa jina. Likiwa kitendo, halitaki kihusishi: "we request a tank", "we need a tank", "we lack water". Likiwa jina, lakitaka: "our request for a tank", "our need for a tank", "the lack of water". Ndiyo maana "we request for a tank", tunayoisikia kila siku, huonekana kosa kwa Mwingereza. Ni sawa na "we discussed about the tank". Hapo "about" iondolewe, ingawa "a discussion about the tank" ni sawa kabisa.

Kamusi ndogo inayotoa maana tu haitawasaidia hapa. Tafuteni ya wanafunzi wa Kiingereza, kama Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo kazi yake ilianzishwa na A. S. Hornby. Hiyo huonyesha jina pamoja na kihusishi chake. Mkiona "sb" ni mtu, na "sth" ni kitu. Mwanafunzi wa sekondari hapo kijijini akiwa nayo, mwazimeni kwa jioni moja. Kisha nyuma ya daftari la mikutano andikeni maneno mnayoyatumia sana, kila jina na kihusishi chake pamoja, kana kwamba ni neno moja: "request for", "access to", "solution to", "increase in".

Barua ikiwa tayari, apewe mwanachama mwingine aisome na aseme kwa Kiswahili ni nani anatoa pesa, nani anapokea, na ni ngapi. Akijibu tofauti na mlivyokubaliana mkutanoni, tazameni vile vijineno kwanza.