Bahari Ikichafuka: Chemshabongo ya Gazeti na Vitendawili vya Nyumbani

Wazazi hutuuliza: je, yafaa watoto wetu kuketi na chemshabongo ya gazeti, ule mraba wa vyumba vyeupe na vyeusi? Na tutawasaidiaje, ilhali sisi wenyewe hatuielewi? Tumeona tuanze na swali la pili, kwani mtu hahukumu asichokijua.

Mraba huo si mkongwe. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi. Baadaye Waingereza wakautia ugumu: badala ya msomaji kuulizwa maana ya neno waziwazi, akawa anafumbiwa. The Times la London lilianza kuchapisha chemshabongo yake tarehe 1 Februari 1930.

Fumbo la namna hii kwa kawaida lina sehemu mbili: maana ya neno linalotafutwa, na mchezo wa herufi unaofikisha kwenye neno hilohilo. Jibu huwa sahihi pale tu sehemu zote mbili zinapokutana. Tutoe mifano kwa lugha yetu.

"Bahari imechafuka, mgeni ataulizwa nini? (herufi 6)." Sisi wa Malindi na Mambrui twaijua bahari iliyochafuka, mto Sabaki unapoteremsha udongo wake. Lakini hapa "imechafuka" ni ishara kwamba herufi za neno "bahari" zimevurugwa. Zipange upya, utapata "habari", nayo ndiyo aulizwayo mgeni.

"Kitoweo kilichofichwa ndani ya pesa makini (herufi 6)." Usitafute sokoni, tazama maneno yenyewe. Mwisho wa "pesa" ukiungana na mwanzo wa "makini", hutokea "samaki".

"Wa pwani huenda upande, la jikoni huunguza, na mgeni huambiwa afanye hivyo (herufi 3)." Jibu ni "kaa": mnyama wa ufukweni, kipande cha moto, na amri ya kuketi.

"Geuza uchafu upate cha kuchotea maji mtungini (herufi 4)." Silabi za "taka" zikigeuzwa huwa "kata".

Mchezo huu wa mwisho si mgeni kwetu. Wazee waliuita kinyume: silabi ya mwisho huletwa mbele, "nyumba" ikawa "mbanyu", na asiyejua asiambulie kitu. Edward Steere aliuwekea mfano katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1870, miaka 43 kabla ya mraba wa Wynne. Na kabla ya hapo, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akifumba mambo mazito ya siasa za mji wake ndani ya mashairi. Kwa hiyo mtoto wa pwani akikutana na fumbo la gazeti asidhani ameingia nyumba ya watu. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Sasa turejee kwenye hukumu. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba wake kuhusu mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu. Watu wakaifikiria miti ya jangwani. Abdullahi bin Umar alihisi kwamba ni mtende, lakini alikuwa mdogo kikaoni, akaona haya, akanyamaza. Mtume akawafahamisha kuwa ni mtende. Alipomweleza baba yake baadaye, Sayyidna Umar alimwambia kwamba angependa zaidi lau angelisema.

Kutokana na hadithi hii twajifunza kwamba fumbo la kunoa akili lina asili njema. Twajifunza pia jambo linalogusa nyumba zetu: huenda mwenye jibu ni yule anyamazaye. Ni watoto wangapi, hasa wa kike, hujua na wasiseme, kwa kuhofia kuchekwa na kaka zao au kukemewa na wakubwa? Haya ni sehemu ya imani, lakini kumnyamazisha mtoto si kumfunza haya.

Mipaka nayo ipo. Sala isicheleweshwe kwa ajili ya mraba. Na pale washiriki wanapotakiwa kulipia ujumbe wa simu ili waingie katika bahati ya kushinda, huku wengine wakipoteza walichotoa, hiyo ni kamari, nayo imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Kitendawili chetu hakina hasara hiyo. Aliyeshindwa hutoa mji, akampa mwenzake Lamu au Mombasa nzima, na mfuko wake ukabaki salama.

Twapendekeza basi jioni moja kwa wiki, baada ya Isha. Anayefumbua aeleze njia aliyopita hadi wote waelewe, kwani jibu lisiloelezwa humnufaisha mtu mmoja tu. Fumbo la kuanzia ni hili: "Geuza kazi ya jembe upate utajiri (herufi 4)." Na wa kwanza kuulizwa awe aliye mdogo kuliko wote.