Skaneri ya mutoto isipimwe kwa mwili wa baba yake

Sisi wa Kambove mionzi tunaijua. Shinkolobwe iko ndani ya teritwari yetu, na kule ndiko ilitoka sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima, 1945. Njo maana katika sendika tunagombania dozimetre, kile kidude cha kifuani kinachohesabu mionzi. Kwa mufanyakazi kuna mpaka wa kimataifa: wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Kwa mugonjwa hakuna mpaka wa namna ile. Yote iko mikononi mwa munganga na fundi wa mashini. Sasa siku tunapeleka mutoto Lubumbashi kwa skaneri ya kifua ao ya moyo, nani anahesabu?

Radio ya kifua (si ile ya kusikiliza habari) inapigaka mionzi kidogo sana. Skaneri inamuzunguka mugonjwa, inapiga kifua kipande kwa kipande. Kwa mutu muzima inaweza kufika milisiverti 7, kama radio za kifua makumi kadhaa. Mwili wa mutoto ungali unakua, na ana miaka mingi mbele ambamo kansere inaweza kutokea. Hatari ya skaneri moja ni ndogo, lakini iko.

Mwaka 2010 Wilbroad Muhogora wa Tanzania na wenzake walitoa uchunguzi wa nchi 19 za Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki. Katika vituo vya Afrika walivyovitazama, karibu skaneri moja kwa tano ilikuwa ya mutoto. Na vituo 11, katika nchi sita, vilipiga watoto kwa vipimo vya watu wazima. Vipimo vyenyewe tu, hata mashini si mbovu!

Wachimbaji wataelewa upesi. Taa ya kichwa inapenya kitambaa chepesi kuliko blanketi. Vilevile mwili wa kilo 12 hauhitaji nguvu ya mwili wa kilo 80. Fundi anaweza kushusha kilovolti toka 120 mpaka 80, anapunguza na umeme kufuatana na kilo za mutoto, na picha inabaki nzuri. Kwa moyo, nyuzi zinabandikwa kifuani ili mashini ipige tu wakati moyo unatulia kidogo, isipige mufululizo. Tena mara nyingi eko inatosha kuanza nayo. Ile inatumia sauti, haina mionzi.

Hatusemi mukatae skaneri. Munganga akisema ni ya lazima, mutoto aende, juu ugonjwa wa moyo usioonekana unaua. Lakini mwenzetu mumoja, binti yake alipigwa skaneri, na baada ya juma mbili hospitali ingine ikapiga tena. Picha za kwanza zilikuwa ndani ya CD, kwa mufuko wa mama. Hakuna aliyeiuliza.

Sheria ya kazi inalazimisha kampuni kulipia matunzo ya jamaa ya mufanyakazi, na mara nyingi kampuni ndiyo inachagua hospitali. Basi katika mazungumzo yajayo delege wetu wataomba mambo mawili: hospitali ya mapatano iwe na vipimo vya watoto kufuatana na kilo, na dozi, ambayo mashini yenyewe inaionyesha, iandikwe kwenye karatasi ya mutoto. Wazazi, ile CD mutembee nayo.